Kielelezo Namba Nne

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika kilichosemwa,
si kilichokusudiwa.
Siku ile, Karmadih, kikao kilifanyika chini ya turubai la harusi,
mapambo ya waridi wa plastiki yangali yananing'inia,
polisi wamejipanga safu mbili
kama wageni wa bwana harusi wasiojua nani kawaalika.

Ripoti ya athari kwa mazingira: kurasa mia sita na kumi na mbili.
Mgodi wa makaa na kiwanda cha chuma.
Wananchi walipewa siku thelathini waisome
katika kabati la ofisi ya wilaya.
Kabati lina kufuli, ufunguo ninao mimi,
na mimi nilikuwa likizo.
Nalisema hapa kwa kuwa kwenye kumbukumbu halimo.

Mhandisi Vaibhav Deshkar alishika kipaza sauti.
Vumbi litanyunyiziwa maji.
Maji yatachujwa.
Kwa kila mti utakaoanguka itapandwa mitatu.
"Na ukurasa wa mia mbili na kumi na saba," alisema,
"unathibitisha kwamba eneo hili halina ndovu."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa watoto,
kikapanda viti hadi kikafika kwa askari mmoja,
akakimeza.

Ndipo akainuka Budhiyarin Netam,
mchumaji wa majani ya tendu, msemaji wa thelathini na nane.
Kipaza sauti alikipita.
Akakitua kikapu mezani, mbele ya naibu mkuu wa wilaya,
kati ya chupa ya maji na bendera ndogo:
kinyesi cha ndovu, cha alfajiri, kingali kinatoa mvuke.

"Huyu hajui kusoma, kama mimi," alisema kwa Kigondi.
"Kwa hiyo hana habari kwamba hayupo.
Jana usiku kabomoa ukuta wa jiko langu, kala unga na chumvi.
Nimewaletea sahihi yake.
Ipigeni muhuri."

Naibu aliweka leso puani.
"Andika," alininong'oneza, "mwananchi mmoja alitoa maoni."
Nikaandika: mwananchi mmoja alitoa maoni.
Kisha, sijui shetani gani alinishika mkono, nikaongeza:
*na kielelezo namba nne.*

Kibali kilitoka Delhi mwezi wa kumi na moja,
kina masharti arobaini na matatu.
Sharti la thelathini na moja: mwenye mradi ahakikishe
kasa hawabughudhiwi msimu wa kutaga.
Kasa!
Kutoka Karmadih hadi baharini ni treni ya usiku kucha
na nusu ya siku ya pili.
Basi nikajua. Kuna bandari mahali fulani pwani
iliyotangulia kuandikiwa ripoti hii hii,
na huko, sentensi ile ya ndovu
ilikuwa kweli tupu.

Kanuni inasema kielelezo hakitupwi
mpaka faili lifungwe.
Kuna rufaa, faili halijafungwa.
Kikapu kimekaa chumba cha kumbukumbu, rafu ya chini,
paa linavuja juu yake tangu masika yaanze,
na wiki iliyopita nilikuta kitu cha kijani
kimechungulia kutoka kwenye ushahidi.
Sikumwambia mtu. Namwagilia kwa kikombe cha chai,
baada ya saa za kazi.

Alhamisi Budhiyarin alikuja, kama ajavyo kila mwezi,
sari yake nyeusi ukingoni kwa vumbi la malori.
"Faili linaendeleaje?"
Nikamfungulia mlango, jambo lisiloruhusiwa.
Akachuchumaa, akaupapasa mche, akanusa vidole.
"Mahua," alisema. Kisha akanigeukia kwa hasira hasa,
hasira ambayo naibu hakuiona siku ile:
"Mbona mnaunyima jua?"

Tukaisogeza rafu dirishani, yeye huku, mimi huku.
Nzito. Imebeba miradi ya miaka tisa.